Shajara ya albamu ya pili: siku 26 Kinangop

Siku ya 1, Jumatatu

Tumefika Njabini saa kumi jioni, pikapu imejaa hadi juu na ukungu umeshuka mpaka dereva akawasha taa. Ngoma chini, amplifaya juu ya ngoma, magodoro juu ya amplifaya, mimi na Dramu juu ya magodoro. Tangu tulipokata kona pale Fly-Over hakuna aliyeongea. Meno yalikuwa yanagongana.

Niandike mapema kwa nini tuko hapa, ili siku tukianza kugombana kuwe na pa kurejea. Albamu ya kwanza tuliirekodi Nairobi kwa kulipia saa. Ukilipia saa huchezi wimbo, unacheza na saa ya ukutani. Wimbo ukianza kukolea, mlango unabishwa: kuna kwaya inangoja zamu yake. Mazoezi ya nyumbani nayo ni ugomvi na keateka, na siwezi kumlaumu; roki ngumu ndani ya ploti yenye vyumba 24 ni uadui mtupu. Basi tumekodi nyumba ya mawe katikati ya mashamba kwa mwezi mzima, kwa pesa ambayo mjini ingetupa siku nne za studio. Nyimbo 9. Ngoma, besi na gitaa zote zirekodiwe hapa, na sauti ikiwezekana. Miksi tutafanya tukirudi.

Tumekubaliana nisitaje majina ya watu. Dramu ni mpiga ngoma. Gitaa ni mpiga gitaa. Dada ni mwimbaji, dada yake Dramu wa tumbo moja, na sote tunamwita hivyo. Mimi ni besi, tena fundi wa kurekodi, mweka hesabu na mpishi wa Jumanne na Alhamisi. Mpiga besi hajui kukataa.

Sasa tatizo la kwanza. Nusu ya sebule, mahali ambapo ngoma zilitakiwa kukaa, imejaa magunia ya waru, yaani viazi. Nimeyahesabu: 64, kila moja na kichwa chake kilichoshonwa kwa kamba. Mwenye nyumba alisahau kutuambia. "Hiyo ni Shangi," akasema kwa simu, "haitoki hapo mpaka bei ipande." Anayejua waru aina ya Shangi anajua haikai. Ukiivuna tu, wiki chache inaota macho. Kwa hiyo mzee wetu anashindana na macho ya waru, na sisi tumo katikati.

Siku ya 2, Jumanne

Nimezunguka sebule nikipiga makofi kama mwehu. Upande ulio wazi sauti inarukaruka kati ya kuta mbili za mawe, ta-ta-ta-ta, haikomi. Upande wa magunia nikipiga kofi linakufa palepale. Nikarudia mara tatu. Nikamwita Dramu, naye akapiga. Tukatazamana.

Studio za mjini hubandika sponji ukutani. Sponji hunyonya sauti nyembamba, lakini besi ikifika inapita kana kwamba hakuna kitu. Hapa tuna rundo lenye unene wa mita moja na ushee, zito, lenye mianya kati ya kiazi na kiazi, na hewa ikipenya humo inasugua hadi inachoka. Ningetaka kununua kitu kinachofanya kazi hiyo, nisingekiweza. Tumeyapanga upya magunia 20 kwa mgongo wetu wenyewe: nyuma ya ngoma ukuta mzima hadi dirishani, na mengine pembeni kwa kimo cha kiuno. Gitaa ameumia kiuno, anasema yeye ni msanii.

Jioni nikagundua jambo jingine. Waya wetu mnene tunaushusha hadi noti ya D, na kwenye besi hiyo ni mitikisiko 36.7 kwa sekunde. Kila nikiugusa, nyumba nzima inavuma, vikombe vinatembea mezani, kuna bati moja juu linalia. Noti nyingine zote ni za kawaida. Nikapima upana wa sebule: mita 4.6. Kukiwa na nyuzi 10 za joto, nazo ndizo tulizo nazo, sauti husafiri kama mita 337 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana, unapata 36.6. Yaani aliyejenga nyumba hii alijenga D bila kujua. Dawa yake ni kuitoa amplifaya ya besi ukutani na kuiweka katikati kabisa ya upana, mahali ambapo mawimbi hayo ya ukuta kwa ukuta hayana nguvu. Vikombe vimetulia. Bati linalia bado, ila kidogo.

Siku ya 3, Jumatano

Dramu aliamka na hamu, akaanza kupiga saa kumi na mbili kasorobo. Saa moja mlango ukabishwa. Shosho, bibi mzee wa shamba la pili: koti zito, gamubuti, mkononi debe dogo la maziwa ambalo halikufika nusu. Hakupaza sauti.

"Vijana, mmeamkaje. Ni nani kati yenu anapiga mapipa?"

Dramu akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ng'ombe wangu ameshika maziwa. Kila asubuhi nampa mtu wa lori lita nane. Leo ni tatu. Zile tano nitadai nani?"

Tumelipa tano. Na haki ni yake: ng'ombe akishtuka, homoni ya woga huzuia ile inayoteremsha maziwa, yanabaki kiweleni hata umkamue namna gani. Mapatano yetu nimeyaandika kwa kalamu nene na kuyabandika mlangoni. Hakuna ngoma kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna ngoma kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni. Jumapili hakuna ngoma mpaka kanisa litoke.

Dada amesoma tangazo langu, akasema: mjini tulikuwa tunalipia saa, huku saa zenyewe zimetoka kwa ng'ombe.

Siku ya 5, Ijumaa

Siku mbili za stima.

Gitaa akichomeka tu, tunasikia mngurumo mzito chini ya kila kitu. Stima ya Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, na mngurumo huo uko karibu sana na noti ya G. Gitaa akapendekeza nyimbo zote tuziandike kwa G, tuokoe pesa. Nikafungua soketi: waya wa ardhi upo, umekatwa, umekunjwa nyuma ya plagi kama mkia. Fundi wa sokoni alikuja na nondo ya mita moja na nusu, akaipigilia nje ya dirisha mpaka ikabaki shubiri moja, akamwaga maji ya chumvi, akaunganisha waya mnene wa kijani na manjano hadi kwenye soketi. Mngurumo ulikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Sote tulipiga makofi. Fundi akashangaa kwamba watu wanaweza kushangilia kimya.

Umebaki mdogo, na huo hauishi kwa nondo. Gitaa lake lenyewe hunasa uchafu wa stima hewani. Anageuka kidogo kidogo mpaka unapungua, halafu anabaki amesimama hapohapo. Nimemchorea alama ya chaki sakafuni.

Jambo la kuangalia zaidi: saa moja na nusu usiku, kijiji kizima kikiwasha taa na televisheni, volti zinashuka. Inatakiwa 240. Nimesoma 203. Amplifaya yake ni ya vali, zile balbu za kioo za kizamani, na vali zikikosa nguvu hulegea: mlio unakuwa laini, unachelewa kidogo kuinuka, kama mtu anayeamka kutoka kitandani. Gitaa ameupenda. Anataka rifu zote, vile vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, za nyimbo za polepole zirekodiwe saa hiyo na si nyingine. Nyimbo tunaziita kwa namba, basi nimeandika kwenye ratiba: "Na. 2 na Na. 4, gitaa, saa ya ugali."

Siku ya 6

Mvua. Mabati. Hakuna kilichorekodiwa ila mvua.

Siku ya 8, Jumatatu

Mvua imetufundisha adabu. Kati ya saa nane mchana na saa kumi huwa inakuja, manyunyu tu, lakini juu ya bati manyunyu ni kokoto. Maiki za juu ya ngoma zinasikia bati kuliko matoazi. Ukitoa saa za mvua, saa za ng'ombe, na stima ikipotea (imepotea mara tatu wiki hii), ngoma zina kama saa tano kwa siku. Mjini tulikuwa na saa nne za kulipia. Sijawaambia wenzangu hesabu hii.

Baridi nayo: asubuhi waya za gitaa zimejikaza, ziko juu ya noti. Tukiwa ndani saa moja, pumzi zetu na amplifaya zikipasha chumba, zinalegea na kushuka. Tunatyuni kila baada ya kurekodi mara mbili. Jiko la makaa haliingii sebuleni milango ikiwa imefungwa, hilo halina mjadala. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Tunavaa.

Pamoja na hayo yote, leo tumemaliza ngoma za Na. 1 na Na. 2. Maiki nne kati ya njia zetu nane: kiki (ngoma kubwa ya mguu), snea (ile ndogo kali ya katikati), na mbili juu. Ngoma zinasikika fupi na nene, kila pigo linaingia na kutoka bila kuaga. Sijawahi kusikia kiki yetu hivi. Magunia.

Siku ya 9, Jumanne

Nimepika mimi. Waru.

Usiku tumezungumzia nyumba ya Headley Grange, kwa sababu kila bendi ya roki ikienda shamba lazima mtu aitaje, na leo ilikuwa zamu ya Dramu. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walipokuwa wakirekodi albamu yao ya nne, iliyotoka Novemba 1971, waliingia kwenye jumba hilo kuukuu la Hampshire, Uingereza, lililojengwa 1795 kama nyumba ya maskini. Nje wakaegesha lori la kurekodia walilolikodi kwa bendi ya Rolling Stones. Ngoma za John Bonham, mpiga ngoma wao, zikawekwa chini ukumbini, mahali penye ngazi, na fundi wao, Andy Johns, akaning'iniza maiki mbili tu huko juu ya ngazi. Ule mlio mkubwa wa wimbo wa mwisho wa albamu ni hizo mbili, pamoja na kifaa cha mwangwi. Mbili! Mwaka mmoja kabla, Page na Plant, mpiga gitaa na mwimbaji wao, walikuwa wamejificha kwenye kijumba cha Wales kisicho na stima wala maji ya bomba, ndiyo maana kazi iliyofuata ikawa na magitaa mengi ya mbao yasiyotumia stima.

Dramu anataka ngazi. Nyumba yetu haina ghorofa. Lakini nyuma ya banda kuna tangi la saruji la maji ya mvua, refu kunizidi mimi, limepasuka upande mmoja, halishiki maji tena. Dada aliingiza kichwa kwenye tundu akaita. Jina lake likakaa humo ndani kama sekunde tano hivi, likizunguka.

Siku ya 10, Jumatano

Tangi linafanya kazi. Tumeshusha spika ndogo ndani kwa kamba, na maiki moja kwenye kona ya mbali. Nacheza ngoma zilizorekodiwa jana kwa spika, tangi linazirudisha zikiwa na mkia, nami narekodi huo mkia peke yake na kuuchanganya kidogo chini ya zile kavu. Ni ufundi wa zamani, studio kubwa zilikuwa na vyumba vya mwangwi vya namna hii kabla ya mashine.

Na humo ndani kuna vyura. Spika ikinyamaza wanaanza. Spika ikipiga wananyamaza. Hawajawahi kukosea kuingia, sijui kama naweza kusema hivyo kuhusu bendi yangu.

Siku ya 12, Ijumaa

Na. 7 haitaki.

Ni rifu ya Gitaa, nzuri, noti sita tu, na baada ya noti ya sita kuna pengo. Gitaa alikuja huku akiwa amelewa Zamrock, roki ya Zambia ya miaka ya 1970, bendi ya WITCH na wenzao, zile gitaa za fazi, mlio uliochafuliwa makusudi, zinazokwaruza kama bati linalokatwa. Anasema pengo ndilo wimbo. Tumeicheza kwa mapigo 92 kwa dakika, kisha 88, kisha 96. Kila tukifika kwenye pengo, sauti inakatika, tunabaki tumesimama kama watu waliosahau walichofuata chumbani. Dramu anajaza pengo kwa kuogopa. Gitaa anamwambia asijaze. Dramu anasema basi niache nini hapo, hewa? Gitaa anasema ndiyo, hewa. Wakaendelea hivyo mpaka saa ya ng'ombe.

Tumeiweka kando. Ngoma tayari: Na. 1, 2, 3, 4, 6.

Siku ya 14, Jumapili

Stima ilipotea saa tatu usiku nikiwa katikati ya kuhifadhi. Iliporudi, ilirudi kwa kishindo, balbu ya jikoni ikapasuka. Disku haikuonekana tena kwenye kompyuta. Nimejaribu waya mwingine, nimejaribu kompyuta ya Dada, nimeisikiliza sikioni: inabofya tu, tik, tik.

Nakala ya mwisho ni ya Alhamisi. Tumepoteza gitaa za Na. 2 na Na. 4, zile za saa ya ugali, na besi yote ya Na. 3. Ngoma zipo. Kosa ni langu, kifaa cha kukinga stima kilikuwa sandukuni, nilikitoa ili nichomeke birika.

Gitaa hakusema neno. Alitoka nje, akakaa juu ya tangi.

Siku ya 15, Jumatatu

Hatukucheza. Shosho alikuwa anavuna kipande chake cha juu, na vibarua wawili hawakuja, tukaenda. Kuokota waru nyuma ya jembe si kazi ya kiuno cha msanii, lakini Gitaa aliokota mpaka jioni. Shosho alitupa chai yenye maziwa mengi kuliko maji, akasema ng'ombe sasa ametuzoea. Juzi Dramu alisahau akapiga saa kumi jioni, na lita zilikuwa nane zilezile. Lakini makubaliano yabaki, akasema, "msije mkazoea nyinyi."

Sasa tuna disku mbili, na nakala kila tukimaliza kurekodi, si kila siku. Ya pili inalala chumbani kwa Dada.

Siku ya 16, Jumanne

Gitaa za Na. 2 na 4 zimerudi. Saa moja na nusu usiku, volti 201. Gitaa anasema za kwanza zilikuwa bora. Nadhani anakosea, lakini siwezi kumthibitishia, na hilo ndilo litakalonisumbua miaka mingi.

Siku ya 17, Jumatano

Lori limekuja.

Saa mbili na nusu asubuhi, tulikuwa tumekaa tayari kwa Na. 5, Dramu ameshika vijiti. Dalali, karani, vijana wanne wa kubeba, na mwenye nyumba ambaye hatukuwa tumemwona tangu siku ya kwanza. Bei imepanda kidogo, macho yameanza kuchungulia, hawezi kungoja zaidi. Nikamwomba siku tano. Nikamwonyesha maiki. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama mimi ndiye nitakayenunua.

Ndani ya saa moja na nusu magunia 64 yalitoka, yakipita katikati ya ngoma. Sheria inasema gunia la waru lisizidi kilo 50. Haya yote ni lumbesa, yamejazwa kupita kipimo, yana vichwa, na dalali analipa kwa gunia, hana habari ya kilo. Dada alisimama mlangoni akiangalia namna anavyobonyeza kila kichwa kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto, halafu anasema kwa huzuni kwamba hili halikujaa vizuri. Mwenye nyumba anajitetea, anapunguza, anajitetea tena. Dada aliingia chumbani, hakutoka mpaka chakula cha mchana.

Nimepiga kofi moja katikati ya sebule tupu. Ta-ta-ta-ta-ta.

Siku ya 18, Alhamisi

Magodoro manne, blanketi saba, mapazia, nguo zetu zote kwenye kamba. Tumekopa marobota ya nyasi kavu kwa Shosho, 12. Sauti nyembamba zimekufa, zile nene zinavuma vilevile. Ngoma zinasikika kama zimefunikwa kichwa kwa mto. Na. 5 tumeirekodi mara 14. Nimefuta zote 14.

Nyimbo tano zina chumba kimoja, nne hazina chumba.

Siku ya 19, Ijumaa

Asubuhi nilitoa magodoro nje yaanikwe, sikuwa na mpango wowote. Dramu akakaa kwenye ngoma katika chumba kitupu akapiga tu, apate joto. Akapiga snea mara moja na kungoja. Mlio ulizunguka kuta zote nne na kuondoka bila haraka. Akangoja uishe ndipo akapiga tena. Gitaa akatoka jikoni na mswaki mdomoni, akachukua gitaa, akacheza noti sita za Na. 7.

Lile pengo halikuwa tena tupu. Chumba kilikuwa ndani yake.

Hakuna aliyepanga kupunguza kasi. Ukicheza haraka humu, mapigo yanakanyagana, kwa hiyo mkono wenyewe unasubiri. Tulipopima baadaye ilikuwa mapigo 74. Wiki mbili tumekuwa tukiusukuma wimbo huu ndani ya magunia, mahali ambapo kila noti ilizikwa kabla ya nyingine kufika. Nilihamisha maiki: nikaziacha mbili tu, mbali, moja mlangoni pa ukumbi na moja juu ya kabati. Kiki nikaipa ya kwake kwa usalama, na sidhani nitaitumia. Mara ya tatu ndiyo tuliyoichukua.

Dada aliingia na karatasi. Maneno ya zamani ya Na. 7 ameyatupa. Mapya ni mazungumzo ya mnunuzi na muuzaji, yeye anaimba pande zote mbili, na kiitikio ni neno moja: halijajaa. Analisema mara moja katika kila pengo, kwa sauti ya dalali, bila kupiga kelele. Nilipata ubaridi ambao haukuwa wa Kinangop.

Siku ya 20, Jumamosi

Na. 5 na Na. 8, ngoma na besi, chumba kitupu. Noti ya D imerudi kutikisa vikombe, sasa magunia hayapo kuituliza, na safari hii nimeiacha kwenye Na. 8. Lile bati linalolia limo kwenye albamu. Lina sauti kuliko mimi.

Siku ya 21

Ugomvi, wa maana. Gitaa anasema msikilizaji atadhani ni bendi mbili. Anataka ngoma za nyimbo tano za kwanza tuzirekodi upya bila magunia, siku tano zimebaki, inawezekana. Dramu anasema zile tano ndizo ngoma bora alizowahi kupiga, hazigusi. Mimi nilipendekeza tuzipake za kwanza mwangwi wa tangi mpaka zifanane. Dada akatuuliza sisi watatu tuna haraka gani ya kuficha kwamba magunia yaliuzwa.

Kwa hiyo mpangilio wa albamu umeamuliwa na lori. Nyimbo tano kavu kwanza, kwa utaratibu uleule tuliozirekodi. Kisha lori lenyewe: nilikuwa nimeacha maiki wazi asubuhi ile, nina dakika mbili za vijana wakibeba, miguu, karani akihesabu, injini ikiwaka. Tutatumia sekunde 40. Baada ya hapo nyimbo nne za chumba kitupu, na ya mwisho kabisa Na. 7. Gitaa amekubali kwa masharti kwamba karani asisikike akitaja jina la mtu. Nimekagua, anataja tarakimu tu.

Siku ya 22, Jumatatu

Sauti. Baridi imemkaba Dada koo, hawezi kupayuka kabla ya saa tano asubuhi. Maji ya moto, tangawizi, anazungukazunguka shambani akiguna. Sebuleni kuna mwangwi mno kwa sauti ya kuimba, hivyo tumejenga kibanda kwa yale marobota 12 ndani ya banda la nyasi, maiki katikati. Ni kakavu, kana joto, na anapiga chafya kila baada ya beti mbili. Nne zimekamilika.

Shosho alikuja saa moja usiku. Nikajua ni ng'ombe. Sivyo. Anataka kujua mbona ngoma zimenyamaza usiku, kwa maana tangu tuje nungu hawajashuka kutoka msituni kuchimba waru zake, na jana usiku, ngoma hazikulia, wamechimba mistari miwili. Je, tunaweza kupiga kidogo saa nne, saa tano hivi? Atalipa kwa maziwa.

Dramu amepata kazi ya kwanza ya kudumu tangu nimjue.

Siku ya 24

Na. 9, ngoma, besi na gitaa, saa nne usiku, kwa heshima ya nungu. Ni wimbo wa kasi kuliko zote na nilihofia chumba kitupu kitaumeza. Tukafungua milango yote na madirisha, nusu ya mwangwi ukatorokea shambani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mara mbili tu.

Siku ya 25, Alhamisi

Hali ilivyo: ngoma 9, besi 9, gitaa 8 (Na. 6 ina kipande cha kati ambacho Gitaa atakirudia mjini, anasema, kwa saa ya ugali ya mjini), sauti 7. Mikia ya tangi ya nyimbo zote tano kavu ipo. Disku mbili, na ya tatu nimemtumia binamu yangu Nairobi kwa matatu ndani ya kopo la majani ya chai.

Pesa: kodi imelipwa yote. Petroli ya jenereta tuliyokodi siku tatu imezidi bajeti mara mbili. Fundi, nondo na waya. Balbu moja. Maziwa lita tano. Waru hatukununua hata kilo, na sina hamu ya kuziona mpaka mwakani.

Siku ya 26, Ijumaa

Pikapu imefika saa mbili. Marobota tumerudisha, matangazo ya mlangoni nimebandua, spika imetolewa tangini na chura mmoja akiwa ndani ya koni, amerudishwa.

Nilikwenda kung'oa nondo ya ardhi, maana ni yetu, tumeinunua. Nilipofika nje ya dirisha nikamkuta ng'ombe amefungwa hapo, kamba imezungushwa vizuri kwenye kile kishubiri kilichobaki juu, anakula nyasi za uani. Shosho alikuwa kando yake na debe.

"Hii mnaiacha," akasema. Sikusikia kama ni swali.

Nikakata waya wa kijani juu kidogo ya fundo, nikaingia garini.